Jiko Ulilochora Ndani ya Duara

Mwanangu Namkunda,

Mwalimu wangu wa darasa la tano, ambalo ndilo nililoishia, alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Uko chumba cha pili, nakusikia ukikaa juu ya sanduku ili lifungike, na kila ukikaa linalia kama bata aliyekanyagwa. Kwa hiyo salamu tuziruke.

Na mengine nayaruka. Habari za sweta, pasi, na kutomwachia mtu mzigo wako uwanja wa ndege, mama yako ameshakusomea zote kwenye simu kutoka Usangi mpaka vocha ikamwishia. Kanisa utaliona mwenyewe. Mume wako Donal ukishamzoea atakuwa mtu wa kawaida tu, kama mimi. Mimi nataka kukuandikia habari za jiko.

Lile jiko la kwenye ramani yako. Juzi uliiacha juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, nikaiinamia kama mtu anayeelewa. Mlango niliutambua, ngazi nilizitambua, na dirisha kubwa la kutazamia bahari nililitambua kwa sababu umeandika "bahari" kwa mshale. Nyumba nzuri. Lakini chini ya jiko umechora duara kwa penseli hafifu, kama mtu anayenong'ona. Nikajifanya sijui, nikakuuliza, "Hili tairi la nini?"

Ukasema, "Si tairi, Baba. Ni tuta la zamani la udongo, lipo kwenye shamba la kina Donal. Binamu yake ana buldoza. Tukifika tu, linasawazishwa."

Ulisema kirahisi kama mtu anayesema nywele zitachanwa. Nami nikanyamaza, jambo ambalo lingekushtua kama ungekuwa unanisikiliza.

Sasa niseme ninachojua, na nimekijua kwa nani. Mama Donal alipokuja huku kwa posa, ninyi wawili mlikwenda soko la Zhongda kununua kitambaa cha mapazia ya nyumba hiyo hiyo, mkatuacha wazee hapa Kangle, Guangzhou, tukitazamana katikati ya marobota. Mlidhani hatutaelewana. Kiingereza chake anakiimba, changu nakipiga mnada, lakini tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na wewe. Nilimkalisha juu ya robota la jinzi, nikampa chai ya tangawizi. Akanywa, akakohoa, akaniambia, "Baba Namkunda, hii ni chai au ni adhabu?" Nikajua huyu tutawezana.

Tulikuwa tunacheka hivyo Bi Chen mwenye nyumba akapita na vijiti vyake vya ubani, akaingia uchochoroni nyuma. Mama Donal akainuka kumfuata kwa macho. Uchochoro wetu unaujua: mfupi, umeziba mwisho, kuta zimekaribiana mpaka mtu wa ghorofa ya tatu anaweza kumpa jirani chumvi kwa mkono, na pale mwisho pana kile kichuguu cha udongo chenye mti mzee na jiwe lililobandikwa karatasi nyekundu. Bi Chen akachomeka ubani wake, akainama, akaondoka. Mama Donal hakuingia. Alisimama mdomoni mwa uchochoro, mikono nyuma, akatazama kichuguu, halafu akatazama juu, kwenye kona ya jengo letu.

"Hii kona imekatwa," akasema.

Miaka yote nilijua imekatwa. Nilidhani fundi alimwibia Bi Chen matofali.

"Haikukatwa kwa kukosa matofali," akasema. "Wamempisha mtu. Hapo pana wenyewe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo akakaa tena kwenye robota la jinzi na kunieleza lile duara lako.

Kwao, huko unakohamia, mwanangu, maduara hayo yamejaa mashambani. Ni kuta za udongo za watu wa kale, zimezunguka kama sinia, na miti ya miiba imeota juu yake. Wasomi kama wewe wanasema palikuwa na maboma ya wafugaji, na Mama Donal hakatai, huenda palikuwa. Lakini wafugaji wakaondoka na wengine wakaingia. Hao wengine hawatajwi kwa jina lao. Anasema "Watu Wema," kwa sauti ya mtu anayemsifia askari aliyesimama nyuma ya mlango. Mkulima akilima shamba lake, akifika kwenye duara anazunguka na trekta, na mtoto wake anazunguka, na mjukuu. Haukatwi mti wa mwiba. Haliokotwi jiwe. Hata fimbo ya kuchungia haitoki humo.

Akanisimulia jirani yake aliyetaka kuongeza malisho. Aliingia na trekta asubuhi, trekta likazimika. Akaliwasha, likazimika. Akachukua shoka, akaangusha mti mmoja tu wa mwiba, akaenda nyumbani kula. Mkewe alipomwekea sahani alimkuta ameinama, anacheka kwa upande mmoja wa uso, upande wa pili umelala. Uso ukabaki hivyo mpaka wakamzika nao. Na Mama Donal ananiambia kwamba kilichomtisha yeye si uso, ni kile kicheko. Alikuwa akicheka kama mtu anayesimuliwa jambo na mwenzake aliyekaa mezani, na mezani palikuwa na mkewe peke yake.

Nikamwambia, "Mama Donal, huo ni ugonjwa wa kiharusi. Hata kwetu upo."

Akasema, "Najua ni kiharusi. Mimi nimekuwa muuguzi maisha yangu yote. Kiharusi nacho kina siku yake ya kuja."

Halafu akanieleza vijiti. Kwao mtu wa busara kabla ya kujenga huchomeka vijiti kwenye pembe za nyumba jioni, asubuhi anakwenda kutazama. Vikiwa vimesimama, jenga. Vikiwa vimeng'olewa, umejibiwa. Alipopata nakala ya ramani yenu alikwenda peke yake pale juu kwenye duara, akachomeka vijiti kwenye pembe zako zote. Asubuhi akavikuta nje ya duara. Havikutupwa. Vimelazwa kwenye nyasi kimoja kando ya kingine, ncha zote upande mmoja, na udongo umefutwa. Akampigia Donal simu. Donal akasema ni kondoo.

Nakuuliza wewe uliyesoma: kondoo gani anafuta vijiti?

Nakuona unavyotikisa kichwa. Hivyo hivyo na mimi nilivyokuwa nikitikisa. Pale Usangi tuna msitu wetu wa ukoo, mpungi, umebaki katikati ya migomba kama kipara kilichogeuzwa, nywele katikati na pembeni hakuna kitu. Wazee wa zamani wamelazwa humo. Babu yako alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na bado akipita pale alikuwa anavua kofia na kukohoa kidogo kama anayesafisha koo. Mimi nilikuwa napita nikipiga mluzi ili nimchukize. Nilikuwa kijana, nilidhani dunia imewekwa ili mimi niichokoze, na mara nyingi ikawa kweli. Ndiyo maana nilipofika Kangle na marobota yangu nilikuwa bado napiga mluzi.

Unakumbuka mwaka ule wa kwanza wako wa chuo huku, ulipokuwa bado unajifunza Kichina na unalala huku juu siku za likizo. Mizigo ilikuwa mingi mno. Wafanyabiashara wa Kahama, wa Mbeya, wa Moshi, wote wamenunua nguo soko la Zhanqian kana kwamba watu kwetu wanatembea uchi, na wote wananiambia, "Mzee, nifungie, kontena linaondoka." Chumba kikajaa, ngazi zikajaa, ukawa unaruka marobota kwenda kuoga. Mvua ikanyesha, uchochoro ukawa mfereji. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu: kile kichuguu.

Nikamwendea Bi Chen. Nikamwonyesha kwa mikono: robota, hapa, siku chache. Akasema, "Bu xing."

Sasa wewe unajua bu xing ni nini sokoni. Ni haiwezekani, na kila biashara ya mji huu inaanzia hapo. Ukitaja bei, unajibiwa bu xing. Ukiongeza kidogo, bu xing. Ukigeuza mgongo uondoke, unavutwa shati. Mimi nimelea familia kwa neno hilo. Kwa hiyo nikaongeza. Nikamwambia nitalipa pango la kichuguu. Bu xing. Nikamletea machungwa. Bu xing, na machungwa akayapeleka kwenye jiwe. Nikamletea majani ya chai. Hakujibu kitu, alinitazama tu. Na kwa sheria za sokoni, muuzaji akinyamaza bei imefika. Kesho yake nikaweka mbao juu ya kichuguu na kupanga marobota mpaka jiwe halionekani.

Hapo ndipo nilipokosea, na sijui mtu mwingine zaidi ya mchuuzi wa Guangzhou anayeweza kukosea namna hiyo. Nilikuwa nimezoea "hapana" ya kuuzwa mpaka nikasahau kwamba iko nyingine. Nimekutana na hapana ya namna ile mara chache sana maishani, na kila mara imesemwa kwa sauti ndogo, na mtu aliyeisema hakuieleza.

Baada ya hapo yakaanza mambo madogo. Mafundi wa kiwanda cha chini, wale vijana wa Hubei waliokuwa wakila wali wao uchochoroni, wakahamia barabarani, wakala wamesimama juani. Nikimuuliza mmoja, anatabasamu na kuangalia viatu. Marobota niliyoyaandika jina kwa wino mweusi, nikija asubuhi maandishi yanatazama chini. Nikayageuza. Yakatazama chini. Nikasema wapagazi wananitania, na mtu mtani anapotaniwa hujisikia heshima, basi nikaacha.

Mpaka ikafika sikukuu yao ya mwaka mpya. Unajua Kangle inavyokuwa. Mwaka mzima cherehani hazinyamazi, unalala nazo, unasali nazo, halafu siku moja watu wote wanabeba mifuko wanakwenda kwao na mitaa inafungwa mabati. Kimya kinakuja mpaka masikio yanauma. Ilikuwa mchana, jua la utosini. Nimekaa mlangoni barabarani, nashona kwa sindano ya gunia robota lililopasuka. Wewe ulikuwa ndani unachemsha chai.

Ukatoka na kikombe. Ukanipita, mgongoni kwangu, ukasema, "Nakuja, Baba," ukakata kona kuingia uchochoroni.

Nikafikiri, huyu mtoto amerukwa na akili, Baba si huyu hapa. Nikaendelea kushona. Nikasubiri chai yangu. Sindano ikafika mwisho wa mshono. Nikaita. Nikainuka kwenda kukutukana, nikaingia uchochoroni, na uchochoro ulikuwa mtupu.

Nimekuambia miaka yote kwamba siku ile ulilala. Wewe mwenyewe kesho yake ulisema ulilala, juu, kitandani, ukaota, na mimi nikakubali kwa sababu ndoto ni kitu rahisi kukaa nacho nyumba moja. Lakini mwanangu, nilikuona ukiingia. Mle hamna mlango. Madirisha yana nondo. Nilipanda juu nikatazama kitandani kwako, nikatazama chini ya kitanda kama mpumbavu, nikarudi chini. Nikasimama mbele ya marobota.

Ndipo nikasikia cherehani.

Nyingi, mbali, kama kiwanda kizima kinachofanya kazi, katika siku ambayo mtaa mzima hapakuwa na cherehani inayozunguka. Zilikuwa chini ya marobota yangu. Na katikati yake watu wanaongea kama waliokaa pamoja kwa raha, sahani zinagongana, mtu anacheka. Nikaita, "Namkunda." Na sauti yangu ikarudi kutoka mle chini: "Namkunda." Nikajiambia ni mwangwi. Nikaita tena, ikarudi tena, imechelewa kidogo, na ni tamu zaidi, sauti ya baba anayemwita mtoto apewe kitu kizuri. Nikafunga mdomo.

Ikaendelea kuita.

Iliita kwa Kipare, lugha ambayo mtaani huku sikuwa na mtu wa kuongea naye zaidi yako. Ilikuwa inasema njoo, huku kuna kivuli, kaa na wenzako. Na ilikuwa mimi. Kama ungeniita mahakamani niape, ningeapa ni mimi.

Sijui nilisimama muda gani. Sikukimbia, na usinisifu kwa hilo, miguu ilikataa. Aliyenitoa ni Bi Chen. Alikuja na sahani ya machungwa ya sikukuu, akanikuta, akasikiliza kama mtu anayesikiliza chungu kinachochemka. Akaweka sahani chini. Hakusema hata lile neno lake. Akashika kamba ya robota la juu, bibi mwenye mwili wa kuku, akavuta. Nami nikashika. Tukayatoa yote, ya Kahama, ya Mbeya, ya Moshi, tukayatupa barabarani kwenye maji ya mtaro, nguo za watu, na mimi nalia, na sijui kama nililia kwa ajili yako au kwa woga. Jua likawa limeshuka nyuma ya majengo. Tulipoinua ubao wa mwisho, cherehani zikazimika kwa pamoja, kama umeme umekatwa.

Na wewe ukasema nyuma yangu, "Baba, si umeniita? Chai yako hii."

Ulikuwa umesimama pale kwenye mdomo wa uchochoro na kikombe mkononi. Ukatazama taa za barabarani zinawaka ukasema, "Mbona giza?" Kikombe kilikuwa kinafuka moshi. Halafu ukaniuliza jambo ambalo kesho yake hukulikumbuka. Uliniuliza, "Wale waliokuwa wanakusaidia kushona ni nani?"

Sikukuita, mwanangu. Siku ile, kabla hujaingia, sikufungua mdomo.

Nilipomsimulia Mama Donal haya aliweka kikombe chini polepole. Akaniuliza swali moja tu: "Ile chai uliifanya nini?"

Nikamwambia, "Niliinywa."

"Uliinywa?"

"Ilikuwa imekolea tangawizi."

Akajifanyia ishara ya msalaba, kisha akaanza kucheka mpaka akajifuta machozi kwa jinzi ya mteja. Akasema kwao kuna mashamba ambayo mtu anaingia kupita njia ya mkato, anazunguka tangu asubuhi mpaka jioni ndani ya uzio ambao mtoto angeuvuka mbio moja, na lango halioni, mpaka avue koti alivae kinyume. Akasema wanaorudi wana bahati. Alikuwa na dada wa bibi yake ambaye alirudi, akaishi, akaolewa, lakini kila watu wakiwa wamekaa kimya alikuwa anainamisha kichwa, anasikiliza.

Nikamwambia na mimi nasikiliza. Ndiyo, mwanangu. Kila mwaka mpya wao, mitaa ikinyamaza. Unadhani ni kwa nini sikukuu hizo nafungua redio kwa sauti kubwa mpaka unaniita kiziwi? Wewe sijawahi kukuuliza kama unasikiliza. Nimekuona mara moja, darini, mwaka jana, umeshika nguo ya kuanika hujaianika, shingo imepinda. Nikakurushia kibanio.

Basi. Nisikuhubirie, maana mahubiri yananipa usingizi hata nikiyatoa mwenyewe. Hujambo kwa hesabu zako, na nguzo ulizochora zitasimama. Hofu yangu ni kwamba unakwenda kupikia chakula cha wajukuu wangu juu ya mahali ambapo pana wenyewe, na kwamba umeshaitwa mara moja ukaitika. Na hofu ya Mama Donal ni hiyo hiyo, na zaidi: aliniambia nyumba ikijengwa pale hataingia. Atawasalimia barabarani. Atambeba mtoto barabarani. Nikamwuliza amewaambia ninyi? Akasema amemwambia Donal "hapana" mara moja, kwa upole, na Donal akaanza kumweleza faida za mandhari ya bahari. Yaani mkwe wangu ana akili ya Zhanqian bila hata kuuza soksi.

Ndipo mimi na yeye tukafanya biashara, nyinyi mkiwa bado mnapapasa mapazia. Na hiki ndicho ambacho hujui.

Jioni ile nilipotangaza mezani kwamba mahari yangu nimeshapokea, ninyi wote mlitazama lile koti la sufu alilonivika Mama Donal, na blanketi alilomletea mama yako. Donal akashusha pumzi, maskini, alikuwa ameambiwa na wenzake wa chuoni kwamba Wapare watamdai mbuzi na pombe ya dengelua. Koti ni zawadi. Mahari ni kitu kingine. Nilimwambia Mama Donal, "Kwetu baba hatoi binti hivi hivi. Shamba ni la nani?" Akasema ni lake, marehemu mumewe alimwachia yeye, si Donal. Nikamwambia, "Basi nataka lile duara. Lote, na ukuta wake, na miiba yake. Hiyo ndiyo mahari ya Namkunda. Mbuzi baki nao."

Akatema mate kwenye kiganja, akanipiga nacho mkononi kofi la kusikika, ndivyo kwao wanavyouziana ng'ombe na hakuna anayerudi nyuma. Nimefanya biashara mji huu miaka mingi na sijawahi kufunga bei haraka hivyo wala kulowa hivyo.

Kwa hiyo sikuombi, mwanangu, wala sikushauri. Nakuarifu. Ardhi uliyochorea jiko ni mali yangu, imelipwa kwa kichwa chako, na mwenye mali hajaruhusu buldoza. Unajua kabila letu linavyopenda kesi. Ukimwaga kokoto pale nitakushtaki wewe, na mumeo, na binamu, na buldoza lenyewe, na mashahidi ninao wawili, mmoja muuguzi.

Kule chini karibu na barabara kuna uwanja wanakosimama ng'ombe. Una matope, na bahari huioni mpaka upande juu ya kiti. Kabla hajaondoka huku nilimwomba Mama Donal aende akachomeke vijiti pale. Alinipigia simu wiki iliyopita. Vimesimama vyote, na juu ya kimoja ndege amekunya. Ramani yako nimeiviringisha pamoja na dagaa, samahani kwa harufu, na penseli nimeiweka humo. Una saa nyingi kwenye ndege.

Nitakuja kuitazama mali yangu Mungu akipenda. Sitaingia ndani yake. Nitakaa jikoni kwako kule matopeni na Mama Donal, tunywe chai yenye adhabu, tuitazame kupitia dirishani.

Na siku moja unaweza ukawa umeanika nguo peke yako, mchana, kimya, ukanisikia nakuita kutoka kule juu kwenye miiba. Itakuwa sauti yangu kabisa. Itakuita vizuri, kwa upole, kuliko nilivyowahi kukuita. Usiitike, na usiende kutazama. Mimi nikikuita, Namkunda, nitaanza kwa kukutukana kidogo.

Baba yako